Barua ya Wazi kwa Bodi ya Dawa na Sumu: Si Kila Kipele ni Chunusi

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji,
Bodi ya Dawa na Sumu, Nairobi.

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Ganjoni, Mombasa, kaskazi ikiwa imepamba moto, kuhusu krimu za usoni zinazouzwa kiholela.

Ukipita asubuhi penye karai la mahamri, mtazame mama anayekaanga. Huenda ukaona chini ya macho yake vipele vidogo vinavyong'aa, vingine vya samawati kwa mbali, kana kwamba tone la maji limenaswa ndani ya ngozi. Jua likikaza na jiko likiwaka, vinavimba. Kusi ikileta baridi ya Julai, vinanywea. Ni vifuko vya jasho: mfereji wa tezi umejaa na jasho halina pa kutokea. Haviambukizi wala si saratani. Mwaka 1893, daktari aitwaye Robinson alivieleza kwa wanawake wapishi na madobi, watu wa moto na mvuke kama hawa wetu.

Balaa huanza mama akitafuta dawa. Huambiwa ni chunusi, akauziwa tyubu ya steroidi au krimu ya kung'arisha uso. Hakuna kati ya hizo inayozibua mfereji wa jasho. Steroidi kali ikipakwa usoni kwa miezi, ngozi hukonda, mishipa ya damu huanza kuonekana, na chunusi za kweli huzuka. Karibu na jicho, inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Baadhi ya krimu za kung'arisha nazo zina zebaki, iliyopigwa marufuku zamani.

Dawa ya kupaka ipo. Madaktari wa ngozi wamewahi kutumia atropini ya asilimia 1, ile ile ya kupanua mboni ya jicho. Huzuia neva kuiamrisha tezi itoe jasho, na vifuko hunywea; ukiiacha, hurudi. Lakini ikiponyoka ikaingia jichoni, mtu haoni sawasawa, na mwenye glakoma anaweza kudhurika vibaya. Hiyo si dawa ya kujinunulia. Kutoboa kwa sindano safi husaidia kwa muda, na kuchoma kunaweza kuacha alama kwenye ngozi nyeusi. Tena kuna vipele vingine vya tezi za jasho, vigumu, visivyojali joto wala baridi, ambavyo hakuna krimu ya kutegemewa ya kuviondoa. Anayeweza kuvitofautisha ni daktari.

Kwa hivyo tunaomba mambo matatu. Wakaguzi wenu wawafuate wanaouza steroidi kali bila cheti cha daktari, wakiwemo wachuuzi wa barabarani. Kila kemisti ibandike tangazo la Kiswahili, kwa herufi kubwa: kipele kinachovimba kwa joto kionwe na daktari kabla ya kupakwa chochote. Mwisho, zungumzeni na Kaunti ya Mombasa ili daktari wa ngozi afike kwenye vituo vya afya vya mtaani kwa siku zinazojulikana, maana mama wa mahamri hawezi kupoteza biashara ya kutwa nzima akipanga foleni hospitali kuu kwa sababu ya kipele kisichouma.

Sheria, Sura ya 244, imewakabidhi dawa za nchi hii. Tujibuni hadharani, kwa Kiswahili, kabla ya kaskazi ijayo.

Wako,
Mkazi wa Ganjoni