Mwanao Anacheza na Nani?

Mwezi huu nyumba ndogo tuziweke kando, tuingie sebuleni.

Nina shoga yangu anaishi Kibaha, Maili Moja. Mumewe anafanya kazi mjini Dar, anatoka alfajiri na kurudi usiku. Juzi juzi walinuniana siku tatu nzima, chanzo bando. Jamaa kanunua la wiki, limeisha siku moja kwenye simu ya mkewe. Akaanza maswali: unachati na nani? Shoga yangu akalia, akaapa, mwisho ikagundulika mlaji ni mtoto wao wa miaka tisa, anacheza gemu ya mtandaoni. Baba akacheka. “Kumbe ni dogo tu!” Yakaisha.

Mimi ndiyo nikashtuka. Mke kaulizwa yuko na nani, mtoto hakuulizwa!

Gemu hizi si katuni, wapenzi. Katuni mtoto anaitazama, basi. Humu anakutana na watu. Na kati ya waliozipeleka kwa watoto mapema ni watu wa katuni wenyewe. Disney walileta Toontown mwaka 2003. Mwaka 2007 Nickelodeon wakaja na Nicktropolis, na mwaka huohuo Disney wakainunua Club Penguin kwa dola milioni 350. Januari 2009 Cartoon Network nao wakatoa FusionFall. Huku kwetu mkongo wa SEACOM ulifika Dar Julai mwaka huo, na wengi wetu bado tulikuwa tunalipia intaneti kafe kwa saa. Toontown na FusionFall zilifungwa 2013, Club Penguin ikafuata 2017. Siku hizi watoto wamejazana Roblox, ambayo haina hata kituo cha televisheni nyuma yake.

Lakini wale wa katuni kuna kitu walikijua. Kwenye Toontown mtoto alichagua sentensi zilizoandaliwa tayari, hakujiandikia tu anachotaka kwa mtu asiyemjua. Club Penguin nao walikuwa na sehemu za namna hiyo. Walijua nyuma ya pengwini mdogo mzuri anaweza kukaa mtu mzima na ndevu zake. Hapa kwetu, Ubongo Kids ilipoanza kurushwa TBC1 mwaka 2014, watoto walijibu maswali kwa SMS kwenye simu ya mzazi, na majibu yalirudi kwa jina la wahusika wa katuni. Hakukuwa na mgeni katikati.

Sasa cha kuchekesha, shoga yangu huyu huyu kazaliwa Kisarawe. Wanawe wakienda kwa bibi yao huko likizo, hawavuki uwanja bila kuulizwa. Unakwenda kwa nani? Yule mtoto wa nani? Mama yake yupo? Bibi hajawahi kushika simu ya kupangusa, ila mtaa mzima anaujua kwa ukoo.

Basi Jumamosi tukamkalisha dogo, kwa upole, bila fimbo. Ana rafiki? Anaye. Anaitwa nani? Akataja jina la ajabu lenye namba mbele. Mmewahi kuonana? Hapana. Huwa anakuuliza nini? “Ananiuliza nasoma shule gani, na baba anarudi saa ngapi.”

Shoga yangu akamtazama mumewe. Jamaa kimya, ile “kumbe ni dogo tu” imemkauka mdomoni. Akaomba simu, akamzuia huyo rafiki, akafunga sehemu ya kuandikiana ujumbe. Hakumnyang'anya mtoto gemu, na hapo nilimpongeza, maana dogo angeenda kuchezea kwa jirani.

Sasa Jumapili wanacheza wote wawili, baba na mwana, kochi moja. Baba anapigwa vibaya sana. Juzi shoga yangu kanipigia, kanuna tena: bando la wiki sasa linaisha kabla ya chakula cha mchana, na safari hii mlaji ni baba mtu.