Shofere wa kweli na kifungo cha ESP

Kuko maneno inayotembea sana mu vijana wetu wa Kolwezi na Likasi, ati shofere wa kweli anazimisha ESP. Mwenye kujua volan, wanasema, hahitaji kompyuta imufundishe kukata viraje. Sisi wa sendika tunaona maneno ile iko na ukweli nusu, na ile nusu ingine inaweza kutuzika.

Tuanze na ukweli wake. Kila pine ya motokari yenye ESP iko na kidude cha kuhesabu mbio yake. Kingine kinaangalia volan imegeuzwa kiasi gani, na kingine kinasikia namna mwili wa motokari unazunguka. Kompyuta inalinganisha: shofere anataka kwenda wapi, na motokari inakwenda wapi? Kama mukia unataka kupita mbele, inafunga fre ya pine moja tu, ile ya mbele ya upande wa inje wa viraje. Kama pua inakataa kugeuka, inafunga ya nyuma, upande wa ndani. Na motere inapunguziwa nguvu. Hata shofere fundi namna gani hawezi kufanya vile, juu yeye iko na pedali moja ya fre kwa mapine yote ine.

Mu mashindano kifaa hiki kinaweza kuudhi, tunakubali. Motokari ya sport inapita viraje haraka ikiwa inateleza kidogo, na fundi anajua aiachilie mpaka wapi. ESP za zamani hazikuvumilia hata ile kidogo: zilikata nguvu mapema, segonde zikapotea, fre zikapata moto. Njo maana siku hizi motokari nyingi za sport ziko na kifungo cha kuachilia kwanza, halafu ESP inaingia tu hatari ikikaribia. Ku sirkuti iliyofungwa, bila mutoto wala mama wa soko ku pembeni, mwenye kuzimisha azimishe. Hatugombane naye.

Lakini muangalie Audi TT, motokari nzuri ya sport iliyotoka mu 1998 bila ESP. Mu autoroute za Ujerumani, shofere akikimbia sana, akiachilia pedali ya gazi katikati ya viraje, nyuma ilikuwa nyepesi na motokari inazunguka. Watu walikufa. Audi ikaziita motokari zile ku garaji, ikawekea ESP, kibawa kidogo nyuma, na kubadilisha mambo ya amortisere. Na wale hawakuwa watoto wa kujionesha, walikuwa watu wazima wenye kulipa feza nyingi. Tangu mwezi wa 11 wa 2014 motokari yote mpya inayouzwa mu Umoja wa Ulaya lazima ikuwe nayo.

Sasa turudi kwetu. Ndani ya karieri, mu matope, ESP inakata nguvu na pikapu inakwama. Shofere anafinya OFF, na iko sawa kabisa, tungefanya vilevile. Shida inakuja jioni: anatoka karieri, anapanda gudron ya kwenda Likasi, motere haijazimwa hata mara moja, na kifungo kingali OFF. Mu motokari nyingi, kuzima na kuwasha tena kunairudisha. Segonde tatu tu! Mvula ya kwanza ikichanganyika na vumbi nyekundu, gudron inakuwa sabuni, na mbele yako kuko kamiyo ya asidi.

Na ile minibus ya okazion inayobeba ekipe ya usiku? Taa ya ESP ku tablo inawaka miezi na miezi. Tumeona hata zenye kufunikwa na skochi ili abiria wasiulize. Kidude kimoja cha pine kikikufa, ABS na ESP zinaweza kulala pamoja. Tena pine imelika mpaka waya inaonekana. ESP haizai mushiko, inatumia tu ule mushiko pine iko nao. Hapo hata Mercedes ingeteleza.

Halafu ajali ikitokea, PV inaandikwa haraka: kosa la shofere. Hakuna mwenye kuuliza kama kifaa kilikuwa kinafanya kazi, nani alijua, nani alikataa kulipa garaji. Mujane anapewa karatasi ile na anarudi nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu zetu madelege, mu komite ya usalama muombe mambo tatu mbele ya mvula: mukataba wa kampuni ya sutretansi inayosafirisha wafanyakazi utaje ESP inayotembea na pine nzima, taa ikiwaka, minibus isitoke, na PV ya ajali iseme hali ya fre, ya pine na ya ESP. Shofere anayekataa kutoka na taa imewaka asiandikiwe barua. Akiandikiwa, mutuletee ile barua ku biro ya sendika siku ileile.