Choo na Bafu: Suala la Haki, Si Suala la Fahari



Wapo watakaoshangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kinazungumzia choo na bafu. Watasema kwamba mapadre wahubiri sala na sakramenti, na mambo ya uani wayaache uani. Sisi tunakataa. Maandiko yenyewe hayakuona aibu. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliagizwa wawe na mahali pa kujisaidia nje ya kambi, na kila mtu awe na chombo cha kuchimbia na kufukia uchafu wake. Sababu iliyotolewa ni kwamba Mungu anatembea katikati ya kambi. Je, leo hatembei kati ya migomba ya Muleba na vyumba vya wapangaji vya Bilele?

Kwanza tuondoe uongo mmoja. Husemwa kwamba choo bora na bafu ndani ya nyumba ni mambo ya Wazungu, nasi tumeyaiga juzi. Si kweli. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, nyumba za mawe zilizojengwa karne nyingi kabla ya ukoloni zina vyoo vyake. Kule Kilwa, jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14 lilikuwa na hodhi la kuogea. Katika nyumba za kale za Lamu, birika la maji lilijengwa bafuni, na samaki wadogo waliwekwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu. Hao walikuwa Waafrika wa pwani yetu, wenye akili na ufundi wao.

Ama Wazungu nao, tusidhani walizaliwa na choo cha kuvuta. Mwaka 1775 Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa, ambamo maji hubaki na kuzuia harufu isirudi chumbani. Ni ufundi mdogo, nao umo hata leo chini ya sinki za vyoo vyetu. Lakini matajiri wa London walipoweka vyoo hivyo majumbani mwao, uchafu ulikwenda wapi? Ulifurika mashimoni, ukaingia katika mifereji, ukaishia katika mto Thames, ambao watu walikunywa maji yake. Kipindupindu kiliua maelfu. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyochafuliwa. Hata hivyo wakubwa walichelewa kusikia. Ni mwaka 1858, uvundo wa mto ulipowafikia wabunge ndani ya Bunge lao, ndipo fedha zilipopatikana, na mhandisi Joseph Bazalgette akaujengea mji mzima mifereji ya maji machafu.

Hapo pana fundisho. Choo kizuri cha mtu mmoja, kisichojali uchafu unakokwenda, ni sumu kwa jirani. Na wenye mamlaka wasiosikia kilio cha maskini husikia upesi pale uvundo unapofika mlangoni pao.

Sasa tutazame kwetu. Wengi wetu tulikulia katika kibanja ambamo bafu lilikuwa uzio wa majani ya migomba, mawe machache ya kukanyagia na beseni moja. Choo kilikuwa shimo lenye miti juu yake. Fedha za kahawa zilipoingia Buhaya, zilibadili paa: nyasi za msonge zikaondoka, bati likaja. Zikabadili sebule: viti vikaja, na vitambaa vya kufumwa juu yake. Katika nyumba nyingi choo hakikubadilika. Tulipamba mahali mgeni anapoketi, tukasahau mahali mama mjamzito na mzee wanapokwenda usiku, mvua ikinyesha.

Lakini tuliwahi kufanya vizuri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini kote, katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Hawakuishia kusikiliza. Walitoka na majembe wakachimba vyoo, jirani akimsaidia jirani. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Basi anayetuambia kwamba kizuizi ni umaskini peke yake, atueleze wale walichimba kwa utajiri gani.

Kinachotuzuia ni ubinafsi, nasi tutausema wazi.

Yupo mwenye nyumba anayepangisha vyumba kumi na kuwaachia wapangaji wote choo kimoja kilichojaa. Kodi anaipokea kwa wakati. Choo anasema ni shauri lao. Huyo anauza hadhi ya watu. Yupo mwingine anayesubiri mvua kubwa ili atapishe choo chake usiku, uchafu uchukuliwe na mtaro hadi mto Kanoni, na Kanoni iupeleke Ziwa Viktoria, tunamovua na tunamochota maji. Huyo hana tofauti na mtu atiaye sumu katika chungu cha jirani.

Yupo na tajiri mwenye bafu la marumaru, bomba la mvua na sinki jeupe, lakini binti wa kazi anayelisugua bafu hilo kila asubuhi haruhusiwa kulitumia. Yeye huenda katika kibanda cha nyuma kisicho na mlango. Jumapili wote wawili wanapokea Mwili mmoja wa Kristo. Je, tunaelewa tunachopokea? Bwana aliyeinama akawaosha mitume miguu hakuwatenga watumishi na maji.

Tena wapo wanaume wanaotaka maji ya kuoga yawe tayari jioni, wasiulize yamepanda mlima mara ngapi kichwani mwa mke na binti.

Na sisi mapadre tusijifiche. Zipo parokia ambazo nyumba ya mapadre ina vyoo vya kuvuta na maji ya bomba, huku mamia ya waamini wanaosali Jumapili wakielekezwa kwenye mashimo mawili yasiyo na maji ya kunawa. Tumechangisha kwa ajili ya mnara na kengele. Ni lini tulichangisha kwa ajili ya choo cha waamini? Tunaomba radhi, na toba yetu ionekane kwa matofali.

Papa Yohane XXIII, katika waraka wa Pacem in Terris wa mwaka 1963, alihesabu makazi na matunzo ya afya kati ya haki za kila mtu. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulitambua maji salama na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Haki haiombwi kama sadaka. Na mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani mwetu, tulijifunza kwamba ndoo ya maji na sabuni mlangoni yaweza kuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Kwa hiyo tunaagiza na kuomba haya. Kila jumuiya ndogo ndogo itembelee kaya zake, na ambako hakuna choo kinachofaa, wanajumuiya wachimbe pamoja, wakianzia kwa wajane, wazee na wagonjwa. Kila choo kiwe na mlango, kifuniko na kibuyu chirizi. Wenye nyumba Wakatoliki wajenge vyoo vinavyotosha wapangaji wao kabla ya kutoa ahadi yoyote ya zaka kubwa kanisani. Halmashauri za parokia ziweke choo cha waamini mbele ya kazi nyingine ya ujenzi. Viongozi wa walei waende kwenye ofisi za kata na za madiwani, waulize lini uchafu wa mji utanyonywa na kutupwa mahali salama, wala wasiondoke bila jibu.

Mgeni akifika kwako, usimwonyeshe sebule tu. Mungu anatembea kambini, na huko nyuma ya nyumba pia anafika.