Kona ya Afya: Umepimwa, Huna Ugonjwa, Mbona Bado Unaogopa?

Mwezi huu tunataka kuzungumza jambo ambalo wengi hutunong'oneza baada ya ibada, wakishahakikisha wenzao wameondoka. Ni hofu ya magonjwa ya zinaa, hasa ile inayobaki hata baada ya vipimo kuonyesha hakuna kitu.

Hivi karibuni alitujia mama mmoja wa watoto watatu. Ameturuhusu tueleze habari zake, nasi tumeficha yale yanayoweza kumtambulisha. Mume wake ni mfanyabiashara, hukaa safarini hata wiki tatu. Siku moja mama huyu akifua, alikuta cheti cha zahanati katika mfuko wa suruali. Mume alikuwa ametibiwa kisonono. Machozi yalimwagika na maneno yakawa mengi, lakini mume alikiri. Walikwenda kituo cha afya pamoja, mama naye akapewa dawa. Walipimwa virusi vya UKIMWI na kaswende, wakaonekana hawana. Baada ya miezi mitatu walirudia, jibu likawa lile lile.

Ungedhani jambo limekwisha. Kumbe ndipo lilipoanza. Katika mwaka mmoja mama huyu alipimwa tena mara sita, kila mara kituo kingine ili wauguzi wasimtambue. Alitenga kikombe chake na taulo lake. Aliacha kuonja uji wa mtoto. Usiku wengine wakilala, alisimama mbele ya kioo na tochi akichungulia ulimi wake. Aliminya tezi za shingo mpaka zikauma, kisha akaogopa kwa sababu zinauma. Alikonda, na majirani walipomwuliza mbona anakonda, akaamini kabisa kwamba vipimo vimemdanganya.

Hatukumcheka. Nasi tumewahi kuonja hofu hiyo. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wapya kazini, tulijichoma kidole kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi. Tulikuwa tumefundishwa kwamba kati ya watu 1000 wanaochomwa hivyo, hata bila dawa, huambukizwa kama 3 tu. Tulianza dawa za kinga siku ile ile, tukazimeza siku 28. Lakini usiku hesabu ile haikutusaidia. Tulijiona tuko miongoni mwa wale 3, na kila homa ndogo tuliiona ndiyo yenyewe. Hata baada ya jibu la mwisho kuwa jema, ilituchukua muda kuacha kujichunguza.

HOFU HUFANYA NINI MWILINI

Mtu akiogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio, mdomo hukauka, jasho hutoka, tumbo huvurugika, haja ndogo huja mara kwa mara. Hofu ikikaa miezi, usingizi hupotea, hamu ya chakula huisha na uzito hupungua. Mama anayaona hayo yote kuwa ni dalili za ugonjwa. Anakwenda kupimwa, anaambiwa hana, anafurahi siku mbili tatu. Kisha linakuja wazo: "Labda walichanganya damu yangu na ya mtu mwingine." Anarudi tena. Hofu ni kama mtoto anayelilia pipi. Ukimpa kila anapolia, kesho atalia zaidi.

TUTENGE HOFU NA HATARI

Hatusemi kwamba kila anayeogopa anajisumbua bure. Ndoa si chanjo. Wapo akina mama waaminifu walioambukizwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Tena wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote, na magonjwa hayo yakiachwa yanaweza kuziba mirija ya uzazi. Kwa hiyo ikiwa kuna sababu ya kweli, nenda ukapimwe. Usisubiri dalili.

Lakini pima kwa wakati wake. Vipimo vya kawaida vya virusi vya UKIMWI hutafuta askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya virusi, na askari hao huchukua wiki kadhaa kuonekana. Ndiyo maana mtu hupimwa mara moja, kisha hurudia miezi mitatu baada ya tukio. Kama katika miezi hiyo hakukuwa na tukio jingine, jibu hilo ni la kuaminika. Kupima mara ya saba hakuongezi ukweli. Ikiwa tukio limetokea ndani ya saa 72, usikae nyumbani ukilia. Kimbilia kituo cha afya siku hiyo hiyo uulize dawa za kinga.

Tena si kila uchafu ukeni ni ugonjwa wa zinaa. Ute mweupe au usio na rangi, unaobadilika kulingana na siku za mwezi, ni wa kawaida. Fangasi huleta muwasho na uchafu mzito kama maziwa yaliyoganda. Huwapata mara nyingi wajawazito, wenye kisukari, na waliotoka kumeza dawa za kuua bakteria. Uchafu wenye harufu kama ya samaki mara nyingi hutokana na bakteria wa ukeni kupoteza uwiano wao. Mama anayejiosha ndani kwa sabuni au dawa kwa sababu ya hofu huwaua bakteria wazuri wanaomlinda, na kujiletea kile kile anachokikimbia. Vivyo hivyo anayenunua vidonge dukani bila kupimwa.

Na jambo hili tuliseme wazi: virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kikombe, taulo, choo, mbu wala kumkumbatia mtoto. Hata angekuwa navyo, mama yule hakuwa na sababu ya kutenga kikombe. Siku hizi mwenye virusi anayemeza dawa vizuri, hata virusi vikapungua mpaka havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Jibu la "unavyo" limeacha kuwa hukumu ya kifo kama lilivyoonekana miaka ile ya mwanzo.

TUFANYEJE?

1. Chagua kituo kimoja na mhudumu mmoja unayemwamini. Mweleze yote, hata idadi ya vipimo ulivyokwisha kufanya. Yeye ndiye aamue kama kuna haja ya kipimo kingine.

2. Acha kujichunguza kidogo kidogo. Kama ulitazama ulimi mara kumi kwa siku, wiki hii tazama mara tano, wiki ijayo mara moja, kisha acha. Siku za kwanza hofu itapanda. Ivumilie, itashuka yenyewe.

3. Hofu ikija, keti. Vuta pumzi polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo, dakika tano. Kisha shika kazi ya mikono: chambua mchele, palilia bustani.

4. Usimwulize kila mtu, "Unaonaje, nimekonda?" Faraja ya namna hiyo haidumu hata mpaka jioni.

5. Kama wiki zinapita huli, hulali, au unawaza heri kufa, huo ni ugonjwa unaotibika. Omba kupelekwa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Turudi kwa mama yetu. Tulipokwisha kuzungumza naye mara tatu, tulimwuliza: "Je, unaogopa kilichotokea mwaka jana, au safari ya mwezi ujao?" Alinyamaza muda mrefu, kisha akalia. Tulielewa kwamba alikuwa anatafuta katika damu jambo ambalo halimo katika damu. Kipimo hakipimi uaminifu. Alikuwa amemsamehe mume kwa mdomo mbele ya wazee wa kanisa, lakini hakuwahi kumwambia jinsi alivyoumia.

Tulimsaidia waketi wawili na mchungaji na mkewe. Mama alisema yote. Walikubaliana mambo yanayoshikika: mume kupiga simu kila jioni awapo safarini, kupimwa wote wawili kila baada ya miezi sita na si zaidi, na mama kuwa na haki ya kusema "tutumie kinga" asiitwe mwenye roho mbaya. Wapo wanaoona neno kondomu halifai kutajwa na Mkristo. Sisi tuliowaosha wagonjwa tunasema kwamba mama hafanyi dhambi kulinda uhai wake na wa watoto wake. Na kama mumeo ni mkali, usiende kumkabili peke yako. Mtafute muuguzi au mama wa kanisa mwenye siri akusindikize.

Mnamkumbuka yule mwanamke wa katika Injili ya Marko, sura ya tano, aliyetokwa damu miaka 12. Alizunguka kwa waganga wengi, akamaliza mali yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alikuja kwa siri, katikati ya umati. Bwana hakumwacha aondoke kwa siri. Alimngoja mpaka akajitokeza akitetemeka na kumweleza kweli yote, ndipo akamwita binti na kumwambia aende kwa amani. Mwili ulikuwa umekwisha kupona, lakini amani aliipata baada ya kusema.

Mama yule bado ana siku mbaya, hatutawadanganya. Lakini tangu Pasaka hajapimwa nje ya utaratibu, na juzi tulimwona uani kwake akionja uji kabla ya kumpa mtoto, kijiko kile kile.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.