Utamaduni wa Mtoto Usiishie Siku ya Ngoma

Walimu wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, wengi hutuletea taarifa za kufurahisha juu ya tofauti za utamaduni katika madarasa ya awali: siku fulani watoto walivaa mavazi ya kwao, wakacheza ngoma, wazazi wakashangilia. Hatuna ugomvi na ngoma. Swali letu lahusu siku ya pili yake, mwalimu anaposhika chaki.

Tuchukue mfano wa shule za sehemu kama Mahege, wilayani Kibiti. Mwenyeji wa huko ni Mndengereko, mkulima, ambaye mpunga unapokaribia kukomaa huhamia dungu yeye na wanawe ili kuamia ndege. Serikali ilipoondoa mifugo katika bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji wengi wa Kisukuma na Kibarbaig walielekezwa mikoa ya Lindi na Pwani, na baadhi yao wakaingia Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa wilaya moja na Kibiti. Tangu hapo pamekuwa na magomvi ya mashamba na malisho, mengine ya kumwaga damu. Watoto wa pande zote hukaa mkeka mmoja.

Mtoto wa Kisukuma ana nafuu kidogo. Akisikia mbili au nne, masikio yake hukumbuka ibili na inne za nyumbani. Lakini Kibarbaig si lugha ya Kibantu, na mtoto huyo hana pa kushika. Mwalimu huinua machungwa matatu, huuliza ni mangapi, mtoto hunyamaza; na katika daftari la maendeleo huandikwa kwamba hajui kuhesabu. Hukumu hiyo ni ya uongo. Mtoto huyo hurudisha ndama zizini jioni na hutambua mara moja aliyepungua, kwa rangi yake na kwa mabaka yake. Kilichopimwa asubuhi ile ni Kiswahili, wala si hesabu. Mwalimu aliyeleta kokoto na kumwacha mtoto azipange kama ndama angaliona ukweli huo katika dakika tano.

Hadithi nazo zina mtego wake. Mwalimu aliyelelewa pwani husema "Paukwa!" na nusu ya darasa huitikia "Pakawa!" Nusu nyingine hutazama chini. Ni vizuri wafundishwe kiitikio hicho, kwani ni mali ya Kiswahili. Lakini kwa nini wiki ijayo hadithi isianze kwa namna inavyoanza nyumbani kwa hao wengine, nao wakawa walimu wa wenzao?

Halafu kuna majina. Tumepata kuona rejista ambamo jina la mtoto, lililoanza kwa Gida kama majina mengi ya wavulana wa Kibarbaig, limefutwa na kuwekwa jingine jepesi. Darasani aliitwa "Mang'ati". Jina hilo latokana na Kimaasai na maana yake ni adui. Katika kijiji chenye ugomvi wa malisho, mwalimu akilitumia neno hilo amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia, na watoto wenzake husikia vizuri sana.

Wako watakaosema kwamba mawazo haya yataturudisha kwenye ukabila, na kwamba lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Ni Kiswahili, nasi hatutaki iwe nyingine. Lakini Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, yaweka mwaka mmoja tu wa lazima wa elimu ya awali. Mtoto aliyeutumia mwaka huo kwa kunyamaza huingia darasa la kwanza bila Kiswahili na bila hamu. Maneno ishirini ya lugha ya kwao, ambayo mwalimu aweza kuyapata kwa mama mzazi kwa alasiri moja, ni daraja la kuingilia Kiswahili.

Wala tusidhani kwamba mwenyeji hana haja ya kufikiriwa. Mtoto wa Kindengereko aliyekuwa dunguni wiki tatu hurudi na kukuta darasa limefika mbali, naye huitwa mtoro. Mwalimu na atazame msimu wa mpunga kabla ya kuandika azimio la kazi, aweke marudio wakati watoto hao wanaporejea, na somo la kwanza la marudio hayo liwe juu ya ndege waliowafukuza.