ISO ni mswada, faili la kuhariri ni toleo

Katika idara yetu, mwanafunzi akisema "nimekwisha kubadili ile DVD", mara nyingi ana maana kwamba faili moja la MP4 liko kwenye flashi yake na diski yenyewe imekwenda zake: imerudishwa kwa mwenyewe, imeazimwa na jirani, au inatumika kuwatisha ndege shambani. Naandika kupinga zoea hilo. Kubadili hakuna ubaya, tena tunachelewa. Ubaya ni kudhani kwamba kilichobadilishwa ndicho kilekile kilichokuwa kwenye diski.

Wenzangu wa fasihi wanajua tofauti ya mswada na toleo. Hakuna mhariri anayechapa utenzi kisha akachoma karatasi za mwandishi. Sisi wa isimu tunafanya hivyo kila muhula, kwa michezo ya kuigiza ya Kiswahili cha Lubumbashi iliyouzwa sokoni kwa VCD na DVD. Mingi ya michezo hiyo haikuandikwa popote. Waigizaji wanapatana juu ya kisa, kisha kila mmoja anasema kinachomjia. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alieleza utaratibu huo kuhusu kundi la Mufwankolo, alilofuatana nalo hapa mjini mwaka 1986, katika kitabu alichokitoa mwaka 1990. Kazi kama hiyo, na sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi ya Ferrari, Kalunga na Mulumbwa ya mwaka 2014, zimetufundisha kwamba lugha ya mtaani ina kanuni zake. Lakini karatasi haisemi yote. Mtu akisema "yee njo alikuya", karatasi inanipa neno "njo" na basi. Hainiambii kama alinyamaza kidogo kabla yake, kama sauti ilipanda, kama kidole kilimwonyesha mtu wakati huohuo au baadaye. Na ndiyo maswali ninayoyatafutia majibu katika tasnifu yangu.

Kwa hiyo suala la kubadili diski si la mafundi wa kompyuta peke yao, ingawa nimewasikia walimu wakisema hivyo.

Tuanze na diski. DVD za kuchoma zina rangi ya kikemikali ndani yake, na rangi hiyo inaharibiwa na joto na mwanga. Ongeza vumbi letu jekundu. Hatua ya kwanza ni kuchukua diski nzima jinsi ilivyo na kuifanya faili moja la ISO, kabla ya kuwaza juu ya kuhariri. Diski iliyochoka ipewe programu ya ddrescue: inasoma kwanza sehemu zilizo nzima, kisha inarudia zenye kasoro, na inaandika pembeni ilipofika. Umeme ukikatika, kesho inaendelea kutoka palepale. Kwa watu wanaoishi na delestaji, hiyo ni sababu tosha ya kuipenda.

VCD ni mnyama mwingine. Video yake haikuandikwa kwenye diski kwa mpangilio wa data za kawaida, kwa hiyo faili la ISO la kawaida halitoshi. Inahitajika nakala ghafi, yaani jozi ya mafaili ya BIN na CUE, kisha vcdxrip iliyomo katika GNU VCDImager inatoa video. Picha ni ndogo, 352 kwa 288, na hakuna programu itakayoifanya kubwa kwa kweli. Tuikubali ilivyo.

Ukiifungua ISO ya DVD utakuta folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB ambayo hayazidi gigabaiti moja kila moja. Hapo ndipo watu wanapojikwaa. Wanachukua VOB moja moja na kuzibadili, kana kwamba kila moja ni sura ya kitabu. Sivyo. Mkato kati ya VOB ya kwanza na ya pili unafuata ukubwa wa faili, haujali maneno. Unaweza kuangukia katikati ya sentensi, hata katikati ya silabi. Anayejua mpangilio wa kweli ni mafaili madogo ya IFO ambayo watu wanayafuta kwa kudhani ni takataka. HandBrake inaifungua ISO yenyewe, inasoma IFO, na kukuonyesha vipande vilivyomo pamoja na urefu wa kila kimoja. Mchezo kwa kawaida ni kile kirefu kuliko vyote. Vifupi ni matangazo ya michezo mingine. (Msiyatupe matangazo hayo. Sauti ya mtangazaji anayeuza mchezo ni Kiswahili cha aina yake.)

Mbona basi tusihariri VOB zenyewe? Kwa sababu video ya DVD, MPEG-2, haihifadhi kila picha kamili. Inahifadhi moja kamili, kisha tofauti tu, mpaka kundi jipya lianze, na kundi linaweza kufika picha 15. Kwa mfumo wa PAL wenye picha 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 0.6. Ukikata bila kusimba upya, mkato unakwenda penye picha kamili, si pale unapotaka. Nusu sekunde katika mazungumzo ni nyingi: mtu anaweza kuulizwa, kujibu, na kuchekwa.

Basi tunasimba upya, na hapa HandBrake inataka kusimamiwa. Katika mipangilio yake ya kawaida inaruhusu idadi ya picha kwa sekunde ibadilikebadilike ndani ya faili moja. Kwa mtu anayetazama filamu jioni, hakuna hasara. Kwa mtu anayeweka alama za muda katika ELAN, au anayekata vipande katika Kdenlive, maneno na midomo vinaweza kuachana kidogo kidogo, na mwisho wa mchezo alama zinaonyesha mtu mwingine. Chagua idadi isiyobadilika, 25 ikiwa diski ni ya PAL. Kisha toa kwanza MKV, si MP4. MP4 kwa kawaida huandika faharasa yake mwishoni kabisa. Umeme ukienda kazi ikiwa asilimia 95, unabaki na faili lisilofunguka. MKV iliyokatika inachezeka mpaka pale ilipofika. Ukiwa na MKV nzima, FFmpeg itaihamishia kwenye MP4 bila kusimba tena, kwa dakika chache.

Sauti ishughulikiwe peke yake. HandBrake kwa kawaida inaibana tena kuwa AAC, na sauti ya DVD mara nyingi ilikwisha kubanwa mara moja. Atakayepima irabu katika Praat achukue WAV moja kwa moja kutoka kwenye ISO kwa FFmpeg, wala asidhani kwamba WAV hiyo imerudisha kilichopotea. Imezuia tu hasara ya pili.

Programu zote hizi ni huria. Wako wanaoona kwamba tunazitumia kwa umaskini, kwamba chuo kikipata fedha tutanunua "za kweli". Mimi siafiki. Nimeona kazi ya mwenzetu iliyofanywa kwa programu ya kulipia katika toleo lake la majaribio: chapa ya kampuni imeketi katikati ya nyuso za waigizaji, na kila kipande kimekomea dakika ya tano. Wengine wanatumia zilizovunjwa kufuli, na virusi vinavyokuja nazo tunavigawana kwa flashi. Lakini hata tungekuwa na leseni, programu huria ina faida ambayo mtu wa isimu haipaswi kuipuuza: naweza kuandika katika tasnifu agizo lilelile nililompa FFmpeg, na mwanafunzi wa Kisangani au Bujumbura atalirudia juu ya ISO ileile na kuona kama nilisema kweli. Kitufe cha "boresha" cha programu ya kulipia hakinukuliki.

Liko pingamizi moja zito, la haki. Michezo hii ina wenyewe. Sheria yetu ya haki za waandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo haikufutwa na ujio wa kompyuta. Kuchukua ISO kwa ajili ya uchunguzi ni jambo moja. Kusambaza MP4 katika simu za kampasi nzima ni jambo jingine, na ni kumnyang'anya mwigizaji ambaye tayari hakupata kitu. Ninaloomba ni tuwaendee waigizaji, tuwaombe ruhusa kwa maandishi, na tuwape nakala nzuri ya kazi yao. Wengi wao hawana hata moja.

Kwa walimu wetu ombi ni dogo. Somo la mbinu za uchunguzi uwandani litenge vipindi viwili kwa kazi hii. Na tasnifu inayotegemea video isipokelewe bila vitu vinne: ISO au BIN, faili la kuhariri, WAV, na ukurasa mmoja wa maagizo yaliyotumika. Diski ya nje ya terabaiti moja inabeba DVD za kawaida zaidi ya 200 zikiwa nzima.

Mimi nina diski 31, nyingi nilizinunua soko la Kenya. Nne hazisomeki kabisa. Ya tano iko kwenye ddrescue tangu Jumatatu, na imebakiza sehemu ya mwisho, ambapo mama mkwe anaanza kusema.