Liemba Haimo Kwenye Filamu: Majibu kwa Madai Sita Kuhusu The African Queen

Kila MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, inapoandikwa magazetini, haipiti aya ya pili kabla ya kutajwa The African Queen, filamu ya vita ya mwaka 1951 iliyoongozwa na John Huston na kuigizwa na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Kisa chake kinatokea Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914: dada wa mmisionari wa Kiingereza na nahodha wa boti chakavu wanateremka mtoni ili wakaizamishe manowari ya Kijerumani ziwani. Filamu ni nzuri na umaarufu wake ni wa haki. Tatizo ni maneno yaliyoota pembeni yake, ambayo kwa kurudiwa mno yameanza kushika nafasi ya historia. Haya sita ndiyo yaliyoenea zaidi.

1. “Liemba ndiyo meli inayoonekana kwenye filamu.”

Haionekani hata mara moja, na filamu haikupigwa katika Ziwa Tanganyika. Uhusiano uliopo ni wa mbali zaidi. Filamu imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na manowari ya kubuni ya riwaya hiyo, Königin Luise, huhusishwa na Graf von Goetzen, jina la Liemba enzi za Wajerumani.

Goetzen yenyewe iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Huko iliungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Haikuzamishwa na boti yoyote ya Waingereza. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiuacha mji wa Kigoma, waliizamisha wenyewe baada ya kuzipaka injini grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Historia hiyo inajitosheleza bila msaada wa Bogart.

2. “Ni kisa cha kweli.”

Vita vya ziwani vilikuwa vya kweli, lakini mmisionari, nahodha mlevi na topido za kutengeneza kwa mkono ni za Forester. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1915 jeshi la majini la Uingereza lilimtuma afisa wake Geoffrey Spicer-Simson Ziwa Tanganyika na boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilisafiri kwa meli hadi Cape Town, kwa reli hadi Katanga, kisha zikavutwa kwa maksai na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba, huku wenyeji wakikata njia na kujenga madaraja. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka boti ya Kijerumani Kingani, ikapewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi ziliizamisha meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann. Goetzen, iliyokuwa kubwa kuliko zote, Spicer-Simson hakuishambulia kamwe.

Hata mwisho wa filamu si mwisho wa riwaya. Kwenye filamu, boti iliyozama inaibuka na topido zake na kuilipua manowari. Kwenye riwaya, boti inapotea katika dhoruba, Wajerumani wanawakabidhi mateka wao wawili kwa Waingereza, na manowari inazamishwa na boti za jeshi. Nao mto Ulanga unaotajwa kwenye filamu, ule wa kweli hauendi ziwani: maji yake huingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi.

3. “Ilipigwa Tanganyika.”

Sehemu ya Afrika ilipigwa katika nchi mbili nyingine. Kwanza ni Kongo ya Wabelgiji, kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kisha kikosi kilihamia Uganda, kikafanya kazi Butiaba kando ya Ziwa Albert na karibu na maporomoko ya Murchison. Boti iliyotumika kama African Queen, yaani boti chakavu ya nahodha, iliitwa Livingstone na ilikuwa imeundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika Ziwa Albert. Wanaodhani ililipuliwa kweli wajue kwamba ipo hadi leo, huko Key Largo, Florida.

4. “Bogart aliingia kweli kwenye kinamasi chenye ruba.”

Onyesho hilo limewasisimua watazamaji kwa miongo saba: Bogart anaivuta boti kwa kamba, maji kifuani, kisha anapanda na kukuta ruba wamemganda mwilini. Lilipigwa ndani ya tangi la maji studioni Uingereza. Sababu ilikuwa ya busara: maji ya mito ile yalikuwa na kichocho na mamba, na ilikuwa hatari nyota wawili walowe humo kutwa. Ruba waliomganda Bogart walikuwa wa mpira.

Robert Morley, aliyeigiza mmisionari kaka yake Hepburn, hakukanyaga Afrika kabisa. Maonyesho yake yalipigwa Uingereza, na mtu mwingine akasimama badala yake kwenye picha za mbali. Basi ile kauli kwamba “kila kitu ni Afrika halisi” haina msingi. Ustadi wa filamu ni kwamba mtazamaji haoni mahali Uganda inapoishia na London inapoanzia.

5. “Wiski iliwakinga Bogart na Huston na maradhi.”

Bogart mwenyewe aliupenda utani huu, na kama utani haumdhuru mtu. Kama maelezo ya afya, ni upuuzi. Watu wengi wa kikosi waliugua kuhara na malaria. Hepburn, aliyekunywa maji kwa makusudi ili kuwasuta walevi wawili, aliugua vibaya kiasi kwamba katika onyesho la kanisani aliwekewa ndoo kando ya kinanda. Lakini wawili hao waliponea kwa kutoyagusa maji yaliyodhaniwa kuwa safi kumbe si safi. Chai iliyochemka ingewafaa vilevile, na mbu hajawahi kumwogopa mlevi.

6. “Ni kazi ya Hollywood, na Oscar ziliimwagikia.”

Oscar ilikuwa moja tu: ya Bogart kama mwigizaji bora, na ndiyo pekee aliyopata maishani. Hepburn, Huston na waandishi waliteuliwa, wakarudi mikono mitupu.

Kuhusu Hollywood, mtayarishaji Sam Spiegel, aliyejiandika “S. P. Eagle”, na Huston walikuja na kampuni yao ya Horizon na nyota wa Kimarekani. Kampuni ya Uingereza ya Romulus, ya ndugu John na James Woolf, ndiyo iliyobeba upande wa pili wa gharama, na kikosi cha kazi kilikuwa cha Waingereza zaidi: Jack Cardiff kwenye kamera, Ralph Kemplen kwenye uhariri, na Guy Hamilton, ambaye baadaye aliongoza Goldfinger, kama msaidizi wa mwongozaji. Muswada una majina ya James Agee na Huston, lakini Agee alipata mshtuko wa moyo kabla ya kumaliza, na Peter Viertel akaitwa kusaidia. Jina lake halimo.

Hayamo pia majina ya Waafrika. Mapema katika filamu kijiji kinachomwa na wanakijiji wanaswagwa kwenda kulitumikia jeshi, na hapo ndipo inapowasahau. Hakuna hata mmoja wao katika orodha ya waigizaji. Ukipima uzito wa madai haya sita, pengo hili linayazidi yote, kwa sababu vita vya kweli katika Afrika Mashariki vilibebwa na wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu.

Kwa hiyo anayeandika kuhusu Liemba aanze na mafundi walioiunga Kigoma na mabaharia walioiendesha ziwani, na filamu aiache iwe kile ilicho: hadithi nzuri iliyopigwa Kongo, Uganda na London.